Nyati Aliyeachwa na Tumbo Lake

Kwa miezi miwili wagonjwa wa hospitali walikula maharage, na kama ungewauliza ni nani aliyewalisha maharage hayo, wangekutajia Bwana Muhuri. Hakuwa mpishi wala daktari. Alikuwa mkaguzi wa nyama, mwenye koti jeupe na muhuri wa duara aliotembea nao mfukoni, na bila alama ya muhuri ule hakuna pande la nyama lililovuka mlango wa jiko la hospitali. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika kazini zamani. Hata mfagiaji wa machinjio alimwita Bwana Muhuri, naye alikuwa ameacha kununa.

Kisa chenyewe kilianza na nyati. Nyati wa mwaka ule walikuwa wameota mapembe mara ya pili: waliingia mashambani mchana kweupe, wakalala ndani ya mahindi ya watu kama waliyapanda wao, na mtu akipiga debe kuwafukuza wanamtazama tu. Serikali ikaruhusu askari wa wanyamapori wapige mmoja mmoja pale inapobidi, na nyama iende hospitali. Wazo zuri sana hilo, kwenye karatasi. Nyati wa kwanza alikatwa porini na vijana ambao mnyama mkubwa waliyewahi kumkata ni mbuzi. Walitoboa tumbo, uchafu ukatapakaa mapajani na mgongoni, na nyama ikafika machinjioni inanuka kama zizi. Bwana Muhuri akaikataa. Nyati wa pili alikatwa kwa shoka, tumbo likapasuka vilevile, na Bwana Muhuri akaikataa tena.

"Wewe nyama unayoitaka inaota mtini?" mpishi mkuu wa hospitali alimuuliza mbele za watu. Alikuwa mama mpana, asiyejua kunong'ona. "Mimi nina wagonjwa mia mbili kule. Wengine wamekatwa matumbo wanahitaji nguvu, wengine wamejifungua juzi. Wewe kila siku hapana, hapana. Mkeo ulimwoaje kwa hapana hizo?"

Watu walicheka, naye akacheka nao, ila lilimkaa moyoni. Ndipo akamkumbuka mtu aliyekuwa akilala chumba cha nyuma, nyumbani kwake mwenyewe.

Huyo alikuwa baba mkwe wake. Kwa miaka thelathini mzee yule alikata nyama kwenye kambi ya wawindaji, na alijua jambo ambalo wengi hawalijui. Aliweza kummaliza nyati mzima pale pale alipoanguka, mikono, mapaja, mgongo, shingo, mpaka sarara, ile minofu laini ya ndani, bila kulifungua tumbo. Alimlaza ubavu, akaichana ngozi juu ya uti wa mgongo, akaichuna kwa kuishusha chini mpaka ikatandikwa ardhini kama mkeka, kisha akatoa kipande baada ya kipande juu ya mkeka huo. Akimaliza upande mmoja wanamgeuza, anaanza wa pili. Mwishoni kabisa aliingiza mkono nyuma ya ubavu wa mwisho, akalisukuma tumbo pembeni kwa kiganja, akavuta sarara kutoka chini ya uti wa mgongo bila kuiona. Kilichobaki ni kifua na tumbo lililofungwa vilevile kama lilivyozaliwa. Kambini walimwita Mzee Hapasui.

Bwana Muhuri aliyaona haya kwa macho yake, mwaka alipokwenda kujitambulisha kuwa anamtaka binti. Mzee hakumuuliza kabila wala kazi. Alimwambia, "Shika huo mguu," akamshikisha mguu wa nyati kwa saa nzima, kisha akamtazama mikono inavyotetemeka na kusema, "Haya, utamfaa."

Lakini kambi ilifungwa, mama mkwe akafariki, na mzee akaja kukaa kwa binti yake. Miaka miwili sasa. Na hakuna mahali pagumu pa kuzeekea kwa mwanamume mwenye heshima zake kama nyumbani kwa mkwe. Mzee alikohoa kabla ya kutoka chumbani ili asimkute mkwe wake amevaa taulo. Alisema ameshiba wakati sahani bado ina chakula. Aliamka kabla ya kila mtu akafagia uwanja, ili mtu asije kusema anakula bure, na hakuna aliyewahi kusema hivyo wala kuwaza. Kila Jumamosi alifungua visu vyake vinne, akavinoa kwenye kinoo mpaka vikatoa mlio, akavifunga tena kwenye kitambaa. Havikukata kitu.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia siku moja, kwa sauti ya chini, maana kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. "Mtafutie baba yangu kazi kabla hajageuka kiti cha sebuleni. Jana nimemkuta anawauliza watoto kama wana kitu cha kushonwa."

Basi Bwana Muhuri akamsemea ofisini. Ofisi ikakubali kumjaribu kwa nyati atakayefuata. Nyama ikifika safi, mzee angekuwa ndiye mkataji wa nyati wote wa wilaya, na wale vijana wa mbuzi wangewekwa chini yake wajifunze. Mzee akaambiwa. Alisimama, akaingia chumbani, akakaa huko kwa muda, na alipotoka alikuwa amenyoa ndevu.

Jioni moja simu ikapigwa: nyati dume yuko peke yake kwenye bonde nyuma ya mashamba, askari watakwenda alfajiri. Wakiwa mezani, Bwana Muhuri akasogeza kikombe chake kando.

"Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Nyama ije safi. Nisione hata tone la uchafu wa tumboni."

"Mwanangu," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili macho yake yalikuwa na utani, "hilo tumbo lenyewe sitaligusa. Nitaliacha na mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, Mama Pacha naye akacheka jikoni. Kosa likapita hapo hapo, mbele ya watu watatu wazima wenye akili zao, na hakuna aliyelistukia.

* * *

Nyama iliingia machinjioni saa saba mchana. Wabebaji wanne waliishusha kutoka kwenye pikapu ikiwa imefungwa kwenye mashuka meupe, wakaitundika kwenye ndoano kipande kimoja kimoja. Mapaja mawili makubwa, mekundu, yamefunikwa na utando mwembamba unaong'aa. Mikono miwili iliyoachana na mwili pasipo mfupa kukatwa. Minofu ya mgongo mirefu kama mikanda. Hakuna nywele, hakuna mchanga, hakuna jani. Wachinjaji wa mjini, ambao hawana kawaida ya kumsifu mtu yeyote, walizunguka zile ndoano na mikono yao nyuma.

Mzee alikuwa amesimama pembeni na kitambaa cha visu kwapani. Hakujisifu. Alikuwa na mkwaruzo wa mwiba mkononi na matope mpaka magotini, na alionekana mdogo kwa miaka kumi.

Bwana Muhuri alivaa glavu, akaanza kazi yake. Alinusa, akabonyeza, akapasua tezi za mapajani na za mabegani kwa kisu chake kidogo, akazitazama kwenye mwanga. Zilikuwa nzuri. Kwa miaka kumi na minne ya ukaguzi hakuwahi kuona nyama ya porini nzuri vile. Alijisikia fahari, na akapanga jinsi atakavyomsimulia mkewe. Mpishi mkuu alikuwa ameshafika na toroli lake.

"Leo hata wewe huna la kusema," mpishi alimwambia. "Gonga muhuri wako, mwanaume. Maji yanachemka."

Bwana Muhuri akatoa fomu. Fomu ile aliijua kwa moyo: ni visanduku saba, kila kimoja cha kutiwa alama. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, bado anatabasamu.

"Baba, na vya ndani viko wapi? Ini, mapafu, bandama?"

"Viko alipoviweka Mungu," mzee akajibu. "Ndani ya nyati."

Wabebaji wakaangua kicheko. Mpishi naye akacheka. Bwana Muhuri alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni, akakaa na mdomo wazi. Alijua. Hilo ndilo lililomkata maini: alijua. Alishika mguu wa nyati kwa saa nzima akiona kinachotolewa na kinachobaki. Lakini maisha yake yote ya kazi, mnyama aliletwa kwake na vya ndani vyake kwenye beseni pembeni, na kumwambia mtu alete bandama kungekuwa kama kumwambia aje na kichwa chake. Mzee naye, miaka thelathini, alikatia watu waliokula chini ya turubai bila kuuliza muhuri wa mtu. Wote wawili walizungumza jambo moja mezani, na kila mmoja akabaki na nusu yake.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Siwezi kuipitisha bila kuviona, Baba."

Si sheria ya kuchezea watu, hiyo. Mwezi uliopita ng'ombe watano walikufa katika mashamba matatu, wote kwa kimeta, na mashamba hayo yalikuwa upande ule ule wa lile bonde. Mnyama wa kimeta anaweza kuwa na nyama inayopendeza macho. Ukweli wake uko kwenye bandama: linavimba, linakuwa jeusi, likikatwa linamwagika kama uji. Mfugaji mmoja aliyemchuna ng'ombe wake kabla ya kuuliza mtu alikuwa bado amelazwa katika hospitali hiyo hiyo, uso umevimba mpaka mkewe alipita kitanda chake mara mbili akimtafuta.

"Damu yake iliganda vizuri," mzee akasema. "Nyekundu, safi. Puani hakuna kitu. Nimekata nyati zaidi ya nywele zako, mwanangu. Mnyama mgonjwa namjua kabla sijamgusa."

"Najua, Baba."

"Basi andika."

Bwana Muhuri alitazama fomu. Haikuwa na mahali pa kuandika "baba mkwe wangu amesema". Alimgeukia askari aliyempiga yule nyati, akamuuliza alikuwaje kabla ya risasi. Alikimbia? Alitaka kushambulia?

Askari akajikuna shingo. "Alisimama tu, Bwana Muhuri. Madume wazee husimama."

"Alisimama vipi?"

"Alisimama. Nyati anasimama vipi? Kwa miguu minne."

Jibu hilo halikumsaidia mtu. Akampigia bosi wake simu, akaelezea yote, akasahau kwa makusudi kusema mkataji ni nani. Bosi alikuwa anajua. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Bandama umeliona?" Hapana. "Kichwa kipo, tuchukue damu ya sikioni?" Kilibaki porini. "Basi rudini mkavitafute. Mkivipata kabla ya giza, sawa. Msipovipata, asubuhi iharibiwe. Na isiwekwe chumba cha baridi pamoja na nyama iliyogongwa muhuri. Wote walioishika wanywe dawa." Bosi akavuta pumzi. "Pole, bwana. Mzee wako mwambie pole."

Mpishi alikuwa ameegemea toroli lake, amesikia yote.

"Kijisanduku kimoja," akasema, na safari hii alijua kunong'ona. "Alama moja tu ya kalamu. Nani atakwenda kumuuliza nyati?"

Bwana Muhuri alikuwa na kalamu mkononi. Mtu asikudanganye, aliifungua. Alimtazama mzee, ambaye alikuwa ameangalia chini, akijifanya anafunga upya kitambaa cha visu ili asionekane anaomba. Kisha akaiona ile sura iliyovimba kitandani, mara mia mbili, vitanda mia mbili. Akaifunika kalamu.

"Twende, Baba. Pengine bado vipo."

* * *

Pikapu iliwafikisha mwisho wa barabara ya mashamba, na kutoka hapo ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Mzee alitangulia. Alikuwa ametembea njia ile mara mbili siku hiyo, tangu alfajiri, na bado Bwana Muhuri ilibidi akimbie kidogo kila baada ya hatua kadhaa ili asiachwe. Askari na bunduki yake alifuata nyuma, akihema.

Walipopakaribia mahali pale, mzee akasimama. Juu ya miti iliyolizunguka bonde walikuwepo tumbusi, wengi, wametulia. Ndege walioshiba hutulia hivyo, na mzee alilijua hilo kabla ya wote.

Yule nyati hakuwepo tena. Mbavu zilikuwa zimesafishwa, ngozi imeburutwa mpaka kwenye matope na kuchanwachanwa. Kichwa walikikuta hatua thelathini mbali, bila masikio, bila ulimi, bila macho, fisi walikuwa wamekimaliza vizuri. Kitu pekee ambacho hakuna mnyama aliyekitaka ni majani aliyokula: rundo kubwa la kijani, bichi, bado lina umbo la tumbo lililolibeba, na tumbo lenyewe halipo.

Bwana Muhuri alipiga magoti. Alitafuta kwa kijiti, kisha kwa mikono, akageuza kila kitu kilichokuwa na rangi nyekundu. Kipande cha ngozi. Kipande cha kitu ambacho pengine kilikuwa pafu. Mzee naye akapiga magoti upande wa pili, taratibu, mkono mmoja ukishika kiuno.

"Bandama lilikuwa hapa," akasema, akionyesha hewani kwa kiganja. "Kushoto. Limelala juu ya tumbo. Nilipoingiza mkono kuvuta sarara nililigusa, mwanangu. Nililigusa kwa nyuma ya vidole."

"Lilikuwaje?"

Swali lilimtoka kabla hajalifikiria. Mzee alifumba macho. Alikaa hivyo, magotini, mkono bado uko hewani, akijaribu kukumbuka kitu ambacho mkono wake ulikisukuma kando bila kukijali.

"Lilikuwa bandama," akasema mwishowe. "Kama mabandama mengine."

"Kubwa?"

"Sijui. Nilikuwa natafuta sarara."

Angeweza kusema lilikuwa dogo. Neno moja lingemtosha, na hakulisema, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema asichokijua. Bwana Muhuri alitaka kulia. Alitamani amuombe radhi, alitamani kuurudisha usiku wa jana na kile kikombe cha chai, na badala yake akaendelea kuchokoa majani kwa kijiti.

"Ningejua, ningelitoa kwa vidole viwili," mzee akasema. "Si kazi. Unapasua kidogo tu mwishoni, baada ya nyama yote kutoka."

"Ni mimi, Baba. Sikukwambia."

"Hukuniambia," mzee akakubali. Alilisema bila ukali, na ukali ungekuwa afadhali.

Walitafuta mpaka askari akasema jua linazama na yeye hataki kukutana na waliokula nusu wakirudi kumalizia. Katika kurudi, mzee hakutangulia.

* * *

Hospitalini muuguzi alimpa kila mmoja pakiti ya vidonge na kuwauliza kama wana vidonda mikononi. Akaushika mkono wa mzee, akautazama ule mkwaruzo wa mwiba, akauosha kwa dawa na kuuzungushia bendeji kubwa kuliko kidonda chenyewe. Mzee alimwacha afanye atakavyo.

"Mimi ni mgonjwa?" alimuuliza mkwe wake walipotoka.

"Ni kwa tahadhari tu, Baba."

"Aha. Tahadhari."

Nyumbani Mama Pacha alikuwa amepika na amesikia, maana mji ule habari hutembea haraka kuliko pikapu. Aliwawekea chakula. Mzee akasema ameshiba, ingawa hakuwa ameonja kitu, akakohoa kidogo kama anavyokohoa akipita, akaingia chumba cha nyuma. Mke akamfuata mumewe uwanjani alikokwenda kunawa.

"Baba Pacha. Unamjua baba yangu?"

"Namjua."

"Amewahi kukwambia uongo?"

"Hajawahi."

"Na hiyo nyama umeikagua, wanasema umeipasua tezi zote. Umeona nini?"

"Sijaona kibaya."

"Basi?"

Alimwaga maji, akajifuta mikono, akajifuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Baba yako namjua," akasema. "Nyati simjui."

Mkewe hakuwa mwanamke wa kususa wala wa kufokea watu. Alichukua ule mche wa sabuni, akaurudisha mahali pake, na aliposema sauti yake ilikuwa imechoka tu.

"Mimi sijui hata nani nimkasirikie," akasema. "Wewe huna kosa, yeye hana kosa. Nimkasirikie nani, niambie?"



* * *

Asubuhi shimo lilikuwa limechimbwa nyuma ya machinjio, refu kwenda chini, maana nyama inayokataliwa huzikwa mahali ambapo mbwa hafiki wala mtu mwenye njaa. Kwanza ikatwekatwe, kisha imwagiwe chokaa na mafuta ya taa, ichomwe, ifukiwe. Mpishi mkuu hakuja. Alituma salamu kwamba maharage yapo motoni.

Mzee alikuja. Hakuna aliyemwita. Alivaa shati lililopigwa pasi, bendeji yake mkononi, visu kwapani. Nyama ilikuwa imelala usiku kucha kwenye ndoano ndani ya kibanda cha wavu, na hata baada ya hayo bado ilipendeza. Wachinjaji wawili walikuwa wamekwishashika mapanga.

"Mtu asiiguse," mzee akasema. "Niliikata mimi."

Walimtazama Bwana Muhuri. Sheria ilisema ikatwekatwe, haikusema na nani. Akawapa ishara ya kichwa, nao wakaweka mapanga chini, na mmoja wao akamletea mzee glavu.

Akaanza na paja la kulia. Bwana Muhuri alidhani atalipasuapasua ovyo, kwa hasira, na pengine kuliona hilo kungekuwa rahisi zaidi. Lakini mzee alilitenga paja lile kwa mishono yake, msuli mmoja mmoja, akipitisha ncha ya kisu kwenye zile nafasi nyembamba kati ya nyama na nyama, na kila kipande kilipotoka kilitoka kizima, laini pande zote, akakitupa shimoni. Vilianguka kwa sauti nzito. Wale vijana walioharibu nyati wawili wa mwanzo walikuwa wamesimama nyuma ya wavu wakitazama mikono yake, na hakuna aliyetoa mzaha.

"Baba," Bwana Muhuri akamwambia polepole, "si lazima iwe vizuri."

"Sijui namna nyingine."

Ilimchukua saa nzima na zaidi. Sarara alizitupa mwishoni, zote mbili, bila kuzikata. Bwana Muhuri mwenyewe ndiye aliyemwaga chokaa na mafuta, kwa sababu hakutaka mfanyakazi wa machinjio afanye hivyo mbele ya mzee, na ndiye aliyewasha kiberiti. Harufu ya kwanza iliyopanda ilikuwa ya nyama choma nzuri kabisa, na watu wote waliokuwepo wakageuza nyuso zao kwa aibu. Baadaye ikawa harufu ya moshi tu.

Walisimama pembeni ya shimo, mtu na mkwe wake. Bwana Muhuri alikuwa ameandaa maneno tangu usiku: kwamba atakwenda ofisini kuwaeleza, kwamba kosa ni lake, kwamba nyati mwingine atapigwa na safari hiyo watapanga kila kitu. Alijua pia kwamba ofisi ilikuwa imeshampigia simu mtu mwingine, mchinjaji wa mji wa jirani mwenye cheti. Bosi alimwambia saa moja asubuhi. Hakuwa bado amepata pa kulianzia hilo.

"Nikuulize kitu," mzee akasema.

"Niulize, Baba."

"Usinijibu kama mkaguzi. Nijibu kama mtoto wangu." Alikuwa akitazama moshi. "Wewe mwenyewe, moyoni mwako, uliwahi kudhani ile nyama ni mbaya?"

Bwana Muhuri alizitafakari tezi zile kwenye mwanga, na ule mkono wa mzee uliokuwa hewani pale bondeni. Alijua mtu huyu hajawahi kumwambia uongo, naye akaona njia moja tu ya kumheshimu.

"Hapana, Baba. Hata kidogo."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kana kwamba anahesabu kitu. 

"Ungesema ndiyo," akasema. "Leo tu, mwanangu. Ungenidanganya ukasema ndiyo."